Nilivyochagua kati ya Mbarara na Makerere

Matokeo ya kidato cha sita yalitoka Machi 2023. Nilikuwa nimesoma biolojia, kemia na hisabati, na biolojia ndiyo iliyonibeba. Nilipata A. Vyuo vya umma hapa Uganda, vinapochagua wanafunzi, huzidisha alama za somo la lazima mara 3 na za somo lililo karibu nalo mara 2. Wasichana huongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanzia Chuo Kikuu cha Makerere, kule Kampala, mwaka 1990. Hata hivyo, nafasi za udhamini wa serikali ni kama 4,000 kwa nchi nzima, na jina langu halikuwamo. Nikaomba kama mwanafunzi wa kujilipia, barua mbili zikaja. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilinikubali kwa shahada ya sayansi na ualimu, biolojia na kemia. Makerere ilinikubali kwa shahada ya sayansi upande wa biolojia, bila ualimu.

Sisi ni watu wa Bwera, wilaya ya Kasese, jirani kabisa na mpaka wa Mpondwe. Mama anauza vitenge, na kwa kuwa wateja wake wengi wanavuka kutoka Kasindi, upande wa Kongo, Kiswahili kwetu ni lugha ya nyumbani sawa na Kikonzo. Mama hakwenda sekondari. Mambo ya shule aliyaachia kwa kaka yake, mjomba wangu, ambaye ni mwalimu wa historia.

Mjomba hakuhitaji hata dakika moja ya kufikiri. "Mwanangu, nenda Mbarara." Nilimwelewa. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Walimu wa masomo ya sanaa, historia ikiwemo, hawakuguswa, na Juni mwaka huo waligoma, yeye akiwa miongoni mwao. Alikuwa amefundisha miaka 19. Hakutaka mimi nisimame upande ule wa foleni aliosimama yeye, na kila alipotaja zile milioni 4 sauti yake ilibadilika. Isitoshe, Mbarara ni karibu. Ukitoka Kasese unavuka daraja la Katunguru, na kabla ya chakula cha mchana umefika. Kampala ni safari ya siku nzima.

Lakini mimi nilikuwa na jambo langu, na lilikuwa limeanzia Kilembe.

Mgodi wa shaba wa Kilembe ulichimbwa kuanzia 1956 hadi 1982. Ulipofungwa uliacha marundo ya mabaki ya mawe, mengine kando ya Mto Nyamwamba, mengine hapo mjini Kasese. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kikajengwa kiwanda cha kutoa madini ya kobalti katika mabaki hayo, na kazi ya kuyavunja mawe walipewa bakteria. Mwalimu wetu wa biolojia alipotueleza hivyo nilidhani ametumia mfano tu. Akaeleza tena. Wapo bakteria wasiohitaji jua wala majani. Wanapata nguvu kutokana na chuma na salfa iliyomo ndani ya jiwe, na katika kula kwao huko asidi inatokea na madini yanayeyuka. Kiwandani kazi hiyo ilisimamiwa ndani ya matangi. Nje, mvua inaponyesha juu ya marundo, hakuna anayeisimamia, na asidi na shaba huteremka hadi mtoni. Mto huohuo nimewaona akina mama wakichota maji na kufua. Tangu siku ile nilitaka kujua ni bakteria gani wanaishi katika udongo ule, na kama wapo wanaoweza kuurudisha katika hali nzuri. Sikumwambia mtu. Nilihofia kuonekana ninacheza wakati pesa za nyumbani zinahesabiwa.

Aprili nilipanda basi kwenda Mbarara, nikakaa siku mbili kwa dada wa rafiki yangu. Chuo kilinipendeza. Kilianza mwaka 1989 kwa masomo ya udaktari, na kampasi ya mjini imepakana na hospitali ya rufaa, kwa hiyo hewa yenyewe ya pale ni ya sayansi. Kina pia taasisi yake ya misitu kule Ruhija, ndani ya Bwindi, iliyoanzishwa 1991. Mtu anayependa miti, ndege au sokwe asiipite Mbarara bila kuangalia mara mbili.

Wiki iliyofuata nikaenda Kampala. Nilifikia kwa shangazi yangu Kasubi, nikapanda mlima wa Makerere kwa miguu. Hapo nilijifunza kwamba Makerere nayo ina kituo chake cha biolojia Kanyawara, katika msitu wa Kibale, karibu na Fort Portal. Yaani chuo nilichokiona kuwa mbali sana na kwetu kilikuwa na mguu wake mmoja upande wa kwetu. Upande wa mimea, idara ya Makerere inafundisha pia mikrobiolojia, yaani elimu ya viumbe vidogo kama bakteria, na bayoteknolojia. Nilisoma bango la idara hiyo mlangoni mara mbili, nikasimama pale hadi mtu akaniuliza kama nimepotea.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni madaftari. Mbarara nilimwomba mwanafunzi wa mwaka wa pili anionyeshe daftari lake la maabara, na Makerere nikafanya vivyo hivyo. Nilikaa nayo saa nzima kila moja, nikifungua ukurasa kwa ukurasa. Hakuna lililokuwa baya. La Mbarara lilikuwa na michoro safi ya mimea, hesabu za viumbe ndani ya mita moja ya mraba, na kando yake maandalio ya somo: namna ya kumfundisha mtoto wa kidato cha pili jambo hilohilo bila hadubini. Lilikuwa daftari la mwalimu, na mwalimu mzuri. La Makerere lilikuwa na kurasa nyingi za kuotesha bakteria, kuwapaka rangi, kuwahesabu kwenye sahani, na maelezo ya nini kiliharibika sahani ilipoota ukungu. Nilipofika kwenye ukurasa wa ukungu niligundua sitaki kulirudisha lile daftari. Kama unachagua chuo, omba daftari. Vipeperushi vinaandikwa na ofisi, lakini daftari linaonyesha mwanafunzi alishika nini kwa mikono yake.

Pesa ilikuwa bado. Niliomba mkopo wa bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ambayo hulipa ada ya masomo lakini si chumba wala chakula. Nikiwa Mbarara ningepanga. Kampala shangazi alisema nilale kwake, nitembee hadi chuoni, nimsaidie dukani jioni. Kwa hesabu hiyo Kampala iliyoogopwa ikawa nafuu, na hilo hatukuligundua hadi tulipoandika kila kitu chini, nauli na sabuni zikiwemo.

Nilirudi Bwera nikamwambia mama yote, bakteria pia. Alisikiliza huku akikunja vitenge. Kisha akauliza, "Ukikosa kazi hiyo ya wadudu, utarudi wapi?" Swali hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Mwenye shahada ya sayansi anaweza kusoma stashahada ya uzamili ya ualimu kwa mwaka mmoja, halafu akafundisha. Mlango wa mjomba haufungwi, unachelewa tu. Mama akamtazama mjomba. Mjomba akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema mwaka mmoja si mwingi. Najua halikuwa jambo jepesi kwake kulisema, nami sikulisahau.

Muhula wa kwanza ulikuwa mgumu. Kampala watu wengi wanakiona Kiswahili kuwa lugha ya wanajeshi, na nikikitumia katika teksi watu waligeuka. Nililazimika kujifunza Kiganda haraka pale dukani kwa shangazi. Kutoka Kasubi hadi darasani ni dakika 40 kwa miguu kupitia Nakulabye, na siku za mvua nilifika viatu mkononi. Ila katika juma la sita tuliotesha bakteria wetu wa kwanza. Asubuhi iliyofuata nilikuta vidoti vyeupe vimejipanga kwenye mistari niliyoichora mwenyewe, nikakaa navyo hadi mhadhiri akazima taa.

Sasa niko mwaka wa tatu, na mada ya utafiti wangu imekubaliwa: udongo wa marundo ya Kilembe. Mwezi ujao nasafiri kwenda kuchukua sampuli 12. Mjomba ameomba likizo ya siku mbili shuleni kwake. Amesema atabeba sanduku la barafu.