Nilivyochunguza nafasi ya Ahad Ha'am katika Uzayuni wa mwanzo

Rafiki yangu anayeandika historia ya Uasin Gishu alinipa sura moja ya mswada wake niipitie. Ni sura ya mwaka 1903, Uingereza ilipokuwa tayari kuwapa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka makao ya taifa lao, ardhi huku kwetu, mpango ambao hadi leo unaitwa wa Uganda ingawa ardhi yenyewe iko Kenya. Humo alimtaja Ahad Ha'am, mwandishi wa Kiebrania, kuwa mwanzilishi wa Uzayuni, msaidizi wa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, na mjumbe wa mkutano wao wa kwanza uliofanyika Basel, Uswisi. Sentensi moja, madai matatu. Nikamwambia aniachie hiyo.

Nilianza na majina. Ahad Ha'am ni jina la kalamu. Alizaliwa Asher Ginsberg mwaka 1856, mjini Skvyra, upande wa Kiev. Wajerumani humwandika Achad Haam, na hilo Ginsberg wengine hulitia z. Ukitafuta kwa jina moja tu katika orodha ya maktaba utaambulia robo ya mtu. Tarehe nazo zina vituko vyake: Urusi ya karne ya 19 ilifuata kalenda iliyokuwa nyuma kwa siku 12, na magazeti ya Kiebrania yaliweka tarehe ya Kiyahudi pia. Nilichora jedwali la kalenda zote tatu kabla ya kusoma chochote.

Magazeti hayo Maktaba ya Taifa ya Israeli imeyaweka mtandaoni bure. Kiebrania changu ni cha kuungaunga: nasoma kichwa cha habari, jina na tarehe, basi. Lakini makala zake zimechapwa upya katika Project Ben-Yehuda, maktaba ya mtandaoni inayoendeshwa na watu wa kujitolea, kwa hiyo unaweza kunakili maneno ukayapitisha kwenye programu ya kutafsiri. Programu huyumba sana kwa Kiebrania cha enzi zile. Nilipotilia shaka, nililinganisha na tafsiri za Kiingereza za Leon Simon zilizotoka 1922.

Makala iliyomtoa, "Hii siyo njia", ilitoka mwaka 1889 katika gazeti la Ha-Melitz la St. Petersburg. Aliwakosoa Wapenda Sayuni wa Urusi, harakati ya Wayahudi ya kuhamia Palestina, kwa kukimbilia kununua mashamba Palestina kabla ya kuziandaa nyoyo za watu. Mwaka huohuo wafuasi wake walianzisha Bnei Moshe, chama cha siri yeye akiwa kiongozi. Mwaka 1891 alikwenda Palestina akarudi na makala kali, akionya kwamba nchi ile haiko tupu na kwamba Waarabu si wajinga wasioona kinachoendelea. Kijitabu cha Herzl kuhusu dola ya Wayahudi kilitoka 1896. Kwa hiyo mwanzilishi, ndiyo, ila si pamoja na Herzl: alikuwa uwanjani miaka saba kabla yake.

Mkutano wa Basel, Agosti 29 hadi 31, 1897, ndio ulionishughulisha zaidi. Kwamba alikuwepo hakuna ubishi, mwenyewe ameandika. Lakini kuwepo si ujumbe. Steven Zipperstein, mwanahistoria aliyechapisha wasifu wake mwaka 1993, na wengine waliomchunguza wanasema aliingia kama mgeni tu. Na maneno yake si ya mtu aliyekwenda kupiga kura: anasimulia alivyoketi peke yake kati ya marafiki, kama mfiwa katika karamu ya arusi. Baadaye, katika Ha-Shiloah, jarida alilolihariri yeye, akaandika kwamba wokovu wa Israeli utaletwa na manabii, wala si wanadiplomasia. Huyo ndiye anayeitwa msaidizi wa Herzl! Mwaka 1902 aliichambua riwaya ya Herzl kwa ukali hata Max Nordau, mshirika wa Herzl, akamvaa hadharani.

Kuhusu Uasin Gishu, aliupinga mpango, na akaona umetokana na Uzayuni wa kisiasa wenyewe, ule wa Herzl uliotegemea diplomasia, uliokwisha kujitenga na mizizi. Kilichonishangaza ni kwamba Eliezer Ben-Yehuda, yule aliyejitolea maisha kukifufua Kiebrania kama lugha ya kusemwa na aliyekuwa akiishi Yerusalemu, aliunga mkono. Nilimshauri rafiki yangu amtaje. Wasomaji wa Eldoret watapenda kumjua.

Cheo kikubwa sikukiona popote. Alikula mshahara wa kampuni ya chai ya Wissotzky, iliyompeleka London, na huko Chaim Weizmann, kiongozi wa Wazayuni Uingereza, alimwendea kwa ushauri wakati wa mazungumzo yaliyozaa Tamko la Balfour la 1917, ahadi ya Uingereza kuunga mkono makao ya Wayahudi Palestina. Ushahidi wa hilo umo kwenye barua zaidi kuliko kumbukumbu za vikao.

Sentensi niliyoirudisha inasema: "Ahad Ha'am, mhariri na mwanafikra wa Odessa, kiongozi wa Bnei Moshe tangu 1889, aliyehudhuria mkutano wa 1897 kama mgeni na kubaki mpinzani wa Herzl." Rafiki yangu alilalamika kwamba ni ndefu, akaichapa hivyohivyo.