Diski huku, ufunguo kule: nilivyotunza data za saratani hapa Mbeya

Kazi yangu ni kutunza data kwenye mradi mdogo wa utafiti wa saratani hapa Mbeya. Sampuli zetu zilisomwa vinasaba nje ya nchi, matokeo yakarudi kwa diski. Kwa nini si kwa mtandao? Piga hesabu. Jenomu nzima ya mtu mmoja, yaani vinasaba vyake vyote, ikisomwa kwa kina cha mara 30 (kila sehemu ikirudiwa wastani wa mara 30), hufika karibu gigabaiti 100, na uvimbe husomwa kwa kina zaidi. Kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, hizo 100 tu zinakula zaidi ya saa 11, tena umeme usipokatika.

Diski ikifika, sinakili kitu kabla ya kukokotoa alama ya uhakiki ya SHA-256 ya kila faili, ule msururu wa herufi na tarakimu 64, na kuulinganisha na orodha iliyotangulia kwa barua pepe. Tofauti ya herufi moja inatosha: faili hilo linaombwa upya. Halafu nageuza faili za BAM, muundo wa kawaida wa data za vinasaba, kuwa CRAM, muundo uliobanwa; nafasi inapungua sana kwa sababu kinachoandikwa zaidi ni tofauti na jenomu ya rejea, ile ya mfano ambayo zote hulinganishwa nayo. Jenomu hiyo ya rejea nayo itunzwe, la sivyo CRAM hazisomeki.

Kilichonichosha ni watu. Daktari mmoja alikuja na flashi yake.

"Dada, majina si mlishayatoa?"

"Tuliyatoa, dokta. Lakini sampuli ya damu inabeba alichorithi mgonjwa. Humo wamo kaka zake na watoto wake, na hao hawakusaini fomu yoyote."

Mabadiliko yaliyozuka ndani ya uvimbe pekee ni mepesi zaidi kushirikisha. Mradi wa TCGA wa Marekani, wa kusoma vinasaba vya saratani, ulioanza 2006, ulitenganisha hivyo: mengine wazi kwa wote, mengine kwa kibali. Tukafuata, ila mimi nikaondoa na vijiji. Saratani adimu, umri, na kijiji kimoja cha Rungwe: jirani atamtaja mgonjwa palepale.

Faili zote nimezifunga kwa Crypt4GH, mfumo wa kusimba faili za vinasaba. Uzuri wake, mshirika mpya akipata kibali nabadilisha kichwa cha faili tu, ile sehemu fupi ya mwanzo, ili ufunguo wake ukubali. Zile gigabaiti 100 haziguswi. Nakala ya pili ya diski iko Iringa. Ufunguo wake wa akiba umebaki Mbeya, kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu ya mhasibu. Yeye hana nywila ya seva, mimi sina funguo za sefu.

Washirika wa nje ndio wagumu zaidi, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Tulikubaliana watume programu zao, niziendeshe kwenye seva yetu, wapate majedwali.

Daktari wa flashi naye ana akaunti humo. Analalamika seva ni nzito, na ni kweli. Ombi la kuongeza RAM liko mezani kwa mhasibu huyohuyo.