Kemikali Huchaguliwa Kabla ya Kiwanda Kufunguliwa

Hapa Goma tunaishi kwenye ncha zote mbili za safari ya simu. Madini ya bati ya Walikale na koltani ya Rubaya huondoka kwenda nje, kisha vifaa vilivyotengenezwa kwa madini kama hayo huturudia, huzeeka mikononi mwa mafundi wetu, na mabaki yake huishia juu ya mawe ya volkeno tuliyojengea nyumba zetu. Ndiyo maana nalifuatilia kwa moyo wote suala la kemikali za viwandani, nami naamini kwamba sehemu kubwa ya hatari huamuliwa siku ile kemikali inapochaguliwa, kabla mfanyakazi yeyote hajavaa barakoa.

Mfano ulio wazi ni risasi, ile metali laini yenye sumu. Kwa miaka mingi viwanda viliunganisha vipande vya elektroniki kwa lehemu yenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, kwa kuwa mchanganyiko huo huyeyuka kwenye nyuzi 183 tu. Tangu tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya umezuia vifaa vipya vya aina nyingi visiuzwe kwake ikiwa risasi, zebaki au kromu yenye sumu inazidi asilimia 0.1 ya uzito wa malighafi husika, au ikiwa kadimi inazidi asilimia 0.01. Viwanda vililazimika kutafuta lehemu nyingine, na iliyoenea zaidi ina bati zaidi ya asilimia 96, pamoja na fedha na shaba kidogo, nayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Sheria hiyo ilihesabu sumu iliyoondolewa ndani ya kifaa. Haikuhesabu joto lililoongezeka kiwandani, wala kilima kinachochimbuliwa ili bati lipatikane. Siipingi, kwa maana risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo, lakini sisi wa Kivu tuna haki ya kudai hesabu iliyo kamili.

Yaliyotokea Suzhou, nchini China, yananiuma zaidi. Katika kiwanda cha Wintek, kilichotengeneza skrini za simu, wafanyakazi walipewa heksani ya kufutia vioo badala ya alkoholi, kwa sababu hukauka upesi na kazi huenda haraka. Kiyeyushi hicho hushambulia neva. Wafanyakazi 137 walidhurika, na miongoni mwao wamo waliopata ganzi na udhaifu wa mikono na miguu. Mwaka 2014 Apple, aliyekuwa mteja wa kiwanda hicho, ilipiga marufuku heksani na benzini katika hatua ya mwisho ya kuunganisha bidhaa zake. Alkoholi ilikuwapo tangu mwanzo.

Pale ambapo kemikali haiwezi kuepukwa, chombo chake ndicho kinga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko San Jose, Marekani, iligunduliwa kwamba tangi la chini ya ardhi la kampuni ya Fairchild limevujisha kiyeyushi hadi kwenye kisima cha maji ya kunywa. Wahandisi wana jibu: tangi la kuta mbili, kipimo cha kugundua uvujaji katikati ya kuta hizo, na visima vya kuchunguza maji pembeni. Goma haina viwanda vya namna hiyo, lakini ardhi yetu ya lava imejaa nyufa, na tindikali ya betri inayomwagwa nyuma ya kibanda haikai pale ilipomwagwa.

Kwa mafundi wenzangu: someni maandishi ya rola ya lehemu kabla ya kuinunua, kwa maana Pb ikitajwa pamoja na kiasi chake huonyesha kwamba ina risasi, lakini maandishi "Pb-free" au Pb iliyokatwa kwa mstari huonyesha kwamba haina. Moshi unaowasha macho hutoka hasa kwenye utomvu uliomo ndani ya waya, hivyo fungueni dirisha. Risasi yenyewe huingia mwilini zaidi kwa vidole vinavyoshika chakula. Naweni kwa sabuni kabla ya kula, na vipande vya lehemu vinavyodondoka vikusanyeni kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na watoto.