Siku moja na darasa la sheria ya wakimbizi

Saa mbili asubuhi

Jumatano ni siku ninayofundisha sheria ya wakimbizi kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya sheria, hapa Dar es Salaam. Wengi wao huingia darasani wakiamini kwamba somo hili ni la Geneva, kwa hiyo huwa naanzia Rusumo, mwishoni mwa Aprili 1994, pale watu wapatao 250,000 walipovuka kutoka Rwanda na kuingia Ngara kwa muda wa takriban siku moja. Kisha nauliza swali moja tu: kwa tafsiri ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa 1951, uliopitishwa huko Geneva, ambao unamtaka kila mtu aonyeshe hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa, ni nani angeketi kuwahoji watu wote hao mmoja mmoja?

Hapo ndipo Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliopitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, unapopata maana. Unamtambua pia aliyelazimika kukimbia kwa sababu ya uvamizi kutoka nje, ukaliaji, utawala wa kigeni au matukio yaliyovuruga vibaya amani katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilichukua tafsiri zote mbili, na ikampa Waziri uwezo wa kulitangaza kundi zima kuwa la wakimbizi.

Mwanafunzi mmoja wa viti vya nyuma akanyoosha mkono. “Mwalimu, kama mlango ulikuwa wazi hivyo, mbona Desemba 1996 Wanyarwanda waliamriwa waondoke?” Ni swali ninalolisubiri kila mwaka. Nchi ambayo kiongozi wake, Mwalimu Nyerere, alitunukiwa mwaka 1983 Nishani ya Nansen, tuzo ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), ndiyo hiyohiyo iliyotoa amri ile, na mkataba wa 1969 unasema bila kuzunguka kwamba mkimbizi harudishwi kwao pasipo hiari yake. Tulitumia nusu saa iliyobaki kupima hoja za serikali ya wakati ule, zikiwemo usalama na mzigo uliobebwa na wilaya za mpakani, dhidi ya maandishi ya mkataba. Sijui ni wapi pengine kijana anayetarajia kuajiriwa na serikali ataweza kulijadili jambo hili kwa uhuru kama si chuoni.

Saa tano

Kikao cha idara kuhusu mtaala. Nilipendekeza tena somo hili liwe la lazima, nikajibiwa tena kwamba ratiba imejaa. Nilieleza kwamba kifungu cha 9 cha Sheria ya 1998 kinampa anayeomba hifadhi siku saba za kujitokeza tangu aingie nchini, na kwamba miongoni mwa wanaoweza kumpokea wametajwa afisa mtendaji wa kijiji na mlinzi wa amani. Mlinzi wa amani mara nyingi ni hakimu, na mahakimu tunawafundisha sisi. Huyo atakapopangiwa kazi Kibondo au Kasulu, wilaya za mpakani mkoani Kigoma, hakuna atakayemuuliza kama alilichagua somo la wakimbizi au la haki miliki. Suala limesogezwa hadi kikao kijacho.

Saa saba

Wali na maharage, na kurudi darasani.

Saa nane mchana

Mchana ni zoezi la mahojiano, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko mihadhara yangu yote. Mwanafunzi mmoja anakuwa mwomba hifadhi kutoka Burundi, wa pili mkalimani, wa tatu afisa anayehoji, na wengine wanaandika. Leo “afisa” wetu, binti mwenye akili nyingi, alitaka tarehe ya kuondoka nyumbani. Mwomba hifadhi akajibu kwamba ilikuwa baada ya kuvuna maharage. Afisa akasisitiza: tarehe ngapi? Akatajiwa tarehe 10 Juni, kwa kubahatisha. Robo saa baadaye mwomba hifadhi akasema kwamba siku anaondoka shambani kulikuwa bado na maharage mabichi, na afisa akaandika kwa wino mwekundu: anajipinga.

Niliwasimamisha hapo. Aliyeleta huo mkanganyiko ni nani? Mwongozo wa UNHCR, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1979, unasema kwamba kazi ya kutafuta na kupima ukweli ni ya mwombaji na ya anayehoji kwa pamoja, na kwamba mwombaji akishajitahidi kwa dhati apewe faida ya shaka, yaani shaka inayobaki imnufaishe yeye. Tukalirudia zoezi. Safari hii afisa aliuliza mvua zilikuwa zimekatika au la, watoto walikuwa wanakwenda shule au la, na mpangilio wa matukio ukajitokeza bila tarehe hata moja.

Saa moja jioni

Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa wakili Kigoma, alinipigia simu. Baada ya shikamoo alieleza kwamba mteja wake ameshtakiwa kwa kuingia nchini bila kibali, na ndugu zake wanamshauri akiri kosa ili yaishe. Nilimkumbusha ibara ya 31 ya Mkataba wa 1951, inayokataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali endapo ametoka moja kwa moja kulikokuwa na hatari, amejitokeza bila kuchelewa na ana sababu za msingi. Nikamuuliza mteja alijitokeza wapi kwanza. Kumbe siku ya pili tu alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, akaambiwa arudi wiki inayofuata, na akakamatwa kabla haijafika. Nikamwambia mteja asikiri chochote kwa sasa, mahakama ielezwe kwamba anaomba hifadhi, barua iende Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, na maelezo ya mtendaji huyo yachukuliwe kwa maandishi kabla kesi haijatajwa tena Ijumaa.