Wifi aliyenifumulia majani usiku

Mwaka ule wifi yangu alikuja kukaa kwetu msimu wa majani kupukutika, na nusura tugombane kwa sababu ya uzi. Sio mambo ya hela wala nani kamsema nani, uzi jamani, uzi wa kufumia.

Mi nilikuwa na mpango wangu. Nyumba niliiona imepooza, jua linazama mapema, kuta nyeupe, dirisha kubwa la sebuleni linaangalia miti inayopukutisha na humu ndani hakuna kitu kinachosema kwamba kuna watu wanakaa na wanajisikia vizuri. Nikasema ntafuma mapambo mwenyewe kwa kroshia, maboga madogo ya kuweka kwenye shelfu, vitambaa vya kuwekea vikombe, na kamba ndefu ya majani ya kuning'iniza juu ya dirisha. Nikachukua nyuzi za akriliki rangi ya chungwa, nyingi tu, na kahawia kidogo ya vikonyo, sindano ya kroshia, ile yenye kindoano, ya milimita 5, nikajikunja kwenye kochi.

Maboga hayakunisumbua. Boga mi silianzi na duara, nafuma kwanza kitambaa cha mstatili, na kila mstari naingiza sindano kwenye uzi wa nyuma tu wa tundu, ule wa mbele nauacha, hapo ndo yanatokea yale matuta. Kikishafika urefu naunganisha ncha mbili kinakuwa bomba, napitisha uzi ukingo wa chini navuta mpaka kinajifunga, najaza pamba ya mito, nafunga na juu. Halafu ndo kazi yenyewe, sindano ndefu ya kushonea inaingia katikati juu inatokea chini, uzi unauzungusha kwa nje, unavuta, unarudia pande zote mpaka boga linagawanyika vipande. Ukivuta kidogo linabaki limevimba tu halina umbo, ukivuta sana uzi unakatika na maneno yanakutoka. Kikonyo lazima kipinde kidogo, boga lenye kikonyo kilichonyooka linanikera sijui kwa nini.

Wifi akayashika akayageuza akasema haya sina neno nayo. Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, kashika kroshia toka yuko mdogo, kwa hiyo "sina neno" ya kwake ni sifa kubwa sana.

Majani sasa. Majani niliyafuma chapchap, yote chungwa, yote saizi moja, kushoto na kulia yamelingana kabisa, nikayapanga mezani nikaona nimemaliza. Wifi akayaangalia akasema "mmh". Wanaomjua wifi wanaijua hiyo mmh. Mi nikaenda zangu kulala.

Asubuhi nakuta meza haina jani hata moja. Kuna donge la uzi wa chungwa limeviringwa vizuri, vipande vimeungwa kwa mafundo madogo hata huyaoni. Kafumua yote! Na kroshia ndo ubaya wake, kitanzi kilicho hai ni kimoja tu, ukishafungua lile fundo la mwisho ukavuta, kazi yote inarudi nyuma tundu kwa tundu mpaka mwanzo, wala haitaki nguvu. Jioni nzima yangu imeisha kwa dakika chache na mtu mwenyewe yuko jikoni anakunywa chai.

Nikamwambia, "Wifi, nani kakwambia ufumue?" Akasema, "Mdogo wangu, yale hayakuwa majani. Vaa koti tutoke."

Ningekuwa naongea na mwingine ningejibu. Ila mkubwa wa mume wako unamjibu asubuhi asubuhi halafu iweje, hiyo kesi utaisikia mpaka kwa watu usiowajua. Nikavaa koti nimenuna.

Tukazunguka chini ya miti tunaokota, yeye anachagua, mi nashika mfuko. Akiona jani zuri lililotulia rangi moja analiacha, anachukua lile lililojikunja, lililotobolewa, lenye rangi zinazogombana. Tukarudi tukayamwaga mezani na ndo hapo, kusema kweli, nikaanza kuona. Kuna moja nalikumbuka vizuri, ukubwa wa kiganja, pembeni limeshakuwa damu ya mzee, ndani njano, na kando ya mishipa kijani bado imeng'ang'ania. Karibu na kikonyo kuna kitobo cha mdudu kimezungukwa na ukingo wa rangi ya ugoro. Chungwa niliyokuwa nayo mimi haikuwepo hata kwenye jani moja, ile ya kung'aa ya akriliki.

Wifi kabla hajastaafu alikuwa anafundisha baiolojia, kwa hiyo ukimpa jani mkononi umekwisha. Akanieleza kwamba njano haiji na baridi, imo kwenye jani muda wote, ni klorofili, ile rangi ya kijani, imeifunika. Siku zikifupika na baridi ikianza mti unaacha kutengeneza klorofili mpya, iliyopo inavunjika taratibu, karotenoidi, yaani hizo rangi za njano zilizokuwa chini, ndo zinaonekana. Nyekundu ndo mgeni, hiyo mara nyingi inatengenezwa wakati huohuo jani linapozeeka, inaitwa anthosianini, na inakolea zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukawa wa baridi ila sio ya kugandisha. Nikadhani somo limeisha, kumbe alikuwa anakuja kwenye uzi. "Kwa hiyo njano inatangulia. Anza katikati na njano, nyekundu iizunguke kwa nje, kijani utaishonea mwisho juu ya mishipa, kidogo tu."

Yani hapo hasira zikapungua nusu, maana ilikuwa na akili. Mi nilikuwa nachagua rangi kwa kuangalia mapambo ya watu wengine, ambao nao wameangalia ya wengine, ndo maana nyumba zote msimu huo zinafanana.

Akafungua begi lake. Nusu ya begi ni nyuzi za pamba! Njano tatu tofauti, damu ya mzee, rangi ya udongo, ugoro, kijani iliyopauka. Nguo sijui aliziweka wapi.

Tukaanza upya. Jani unafuma cheni, yaani vitanzi vinavyofuatana kama mnyororo, unarudi juu ya cheni upande mmoja kwa mishono inayoongezeka urefu, mfupi, wa kati, mrefu, halafu unapunguza mpaka mfupi tena, unageukia kwenye ncha unafanya upande wa pili. Urefu wa mishono ndo unaotoa tumbo la jani. Wifi akataka tumbo la kushoto likae karibu na kikonyo na la kulia likae juu zaidi, lisilingane. Kitobo cha mdudu nacho akakiweka, unaruka matundu mawili unaziba kwa cheni mbili, basi, mdudu kashakula.

Kikwazo kikaja kwenye maelekezo. Mi nilikuwa nasoma kwa sauti yeye anafuma, na maelekezo yangu yalikuwa ya Marekani, yeye kajifunza kwa vitabu vya Uingereza, na hao watu hawaelewani kabisa, ule mshono mfupi ambao Marekani wanauita singo, Uingereza wanauita dabo, na dabo ya Marekani huko Uingereza ni trebo. Nikisema dabo yeye anafuma mfupi, mi nafuma mrefu. Ya kwangu yakawa mapana, ya kwake membamba, tulivyokuja kugundua tayari yapo ya kutosha. Nikangoja afumue. Hakufumua, akayachanganya akasema mti gani unazaa majani ya saizi moja.

Mikono ikishazoea maneno yanakuja. Akanisimulia habari za Ireland, viazi vilivyooza na njaa ya kuanzia 1845 mpaka 1852, kwamba masista kwenye makonventi waliwafundisha wanawake na wasichana kroshia ya lesi wauze wapate chakula. Na walikuwa wanafuma hivihivi, jani peke yake, ua peke yake, wakizungushia mishono juu ya uzi mnene ili ukingo usimame, halafu vipande vyote vinaunganishwa kwa wavu mwembamba. Akanionyesha huo ujanja wa uzi mnene. Jani langu la kwanza kwa namna hiyo lilisimama lenyewe mezani, nikalipiga picha, akajifanya haoni.

Pamba ina raha yake, inakubali wanga. Tukayalowesha majani kwenye maji ya wanga, tukayabana kwa pini juu ya taulo, mengine wifi akayakunja ncha makusudi yakauke yamejikunja. Sebule nzima ikawa haipitiki. Maboga yangu ya akriliki tukayapeleka shelfu la mbali na hita na mishumaa, akriliki ni plastiki ile, moto ikiuona inayeyuka, bora ingekuwa sufu. Nikabisha pia jambo langu moja, nikasema chungwa siitupi yote, nikafuma majani machache ya lile donge alilolifumua yeye. Akavuta pumzi ndefu. Akayaweka pembeni kabisa ya kamba, upande wa pazia. Nikayarudisha katikati. Akanyamaza, na kunyamaza kwa wifi ni ushindi jamani.

Jua lilikuwa linashuka tukiwa tunafunga kamba, yeye kashika kiti mi niko juu, majani ya nje na ya ndani yanaonekana kwa pamoja kwenye kioo, na mume wangu ndo anaingia. Siku zote hizo alikuwa anatukwepa, akisikia sauti zinapanda anakumbuka ana safari. Akasimama, akaangalia dirisha, akaangalia tena, uso umefurahi kweli.

"Aisee nzuri. Mmenunua wapi?"

Tulimgeukia wote wawili kwa pamoja, nadhani ndo mara ya kwanza mimi na wifi tulikuwa upande mmoja. Wifi akamwambia hata hizo za kununua hazifumwi na mashine, mashine za masweta zipo lakini kroshia halisi hakuna kiwanda kinachoifuma kwa mashine, kila unayoiona popote kuna mkono wa mtu umeketi ukaifuma, kwa hiyo swali lake halina miguu wala kichwa. Akamvutia kiti. "Kaa hapo mdogo wangu."

Akampa sindano butu ya kushonea na lundo la majani ambayo tulikuwa hatujayapandisha. Kila jani lina mikia ya uzi, ya mwanzo, ya mwisho na ya kila ulipobadilisha rangi, na yote inatakiwa ifichwe ndani ya mishono, kwenda na kurudi, isitoke. Hiyo kazi hakuna anayeipenda, hata wifi haipendi. Mi nikaenda kuweka maji ya chai jikoni, namsikia huko nyuma anaelekezwa, "Sio hapo. Fumua, anza tena."