Tulivyopelekeana shiti za kyu za ADR kati ya Arusha, Moshi, Dar na Nairobi

Ukitaka kumtesa mtu wa saundi mpe filamu iliyopigwa pembeni ya maporomoko. Hii niliyopewa mimi maongezi yake mengi yako Materuni, kule juu ya Moshi, picha kali kinoma, migomba, ukungu, maji yanashuka, alafu ukivaa hedifoni unachosikia ni shhhhh mwanzo mwisho, bibi anaongea na mjukuu wake huambulii hata neno. Kwahiyo ADR ilikuwa haikwepeki, yaani mwigizaji anarudia maneno yake ndani, kwenye utulivu, huku anaangalia mdomo wake mwenyewe kwenye skrini. Kyu, yaani mistari ya kurudiwa, zilipita mia moja. Sasa shughuli ni kwamba watu wametawanyika, mi niko Njiro hapa Arusha ndo naedit maongezi kwa programu ya Reaper, bibi yuko Kiborloni, waigizaji wawili wameshahamia Dar wanarekodia studio ya hukohuko, na edita mkuu wa sauti yuko Nairobi anatumia programu nyingine, Pro Tools, na hela ya kuwakusanya wote sehemu moja hamna.

Kwahiyo kinachotembea kati yetu ni shiti ya kyu tu. Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni jedwali la kawaida: namba ya kyu, mhusika, taimkodi ya kuingia, taimkodi ya kutoka, maneno yenyewe, sababu ya kurudia kama ni kelele au uigizaji au maneno mapya, na nafasi ya maelezo. Taimkodi, ile saa ya picha, inaenda saa, dakika, sekunde, fremu (zile picha moja moja ndani ya sekunde), mfano 02:12:40:10, na hiyo saa ya mbele kwenye filamu iliyokatwa rili, yaani vipande vikubwa, wala sio saa, ni namba ya rili, rili ya pili inaanzia 02:00:00:00, ya tatu 03:00:00:00. Kwenye karatasi kila mtu anaielewa. Balaa linaanza pale inapotoka kwenye kompyuta moja kwenda nyingine.

Kitu cha kwanza nilichokomalia, na hapa nilikuwa mbishi kwelikweli, ni namba za kyu. Kila kyu ikapewa jina lake, herufi tatu za mhusika, tarakimu ya rili, alafu namba mbili za mpangilio, kwahiyo BIB211 ni bibi, rili ya pili, kyu ya kumi na moja. Na jina likishatolewa limetolewa. Dairekta akiongeza mstari katikati hatuhesabu upya, tunaweka BIB211A. Akiufuta mstari haufutwi, unabaki palepale umeandikwa IMEFUTWA. Dada wa watu aliona ni usumbufu, akaniambia "kaka si uanze tu upya moja mpaka mwisho ipendeze?", nikamwambia dada yangu, Dar wameshachapisha shiti, Nairobi wameshaweka alama, bibi ana makaratasi yake mezani, leo nikipanga upya kyu ya kumi na tano ya huku itakuwa ya kumi na saba ya kule na hatutajua mpaka siku ya mikisi, ya kuchanganya sauti zote. Akacheka, akaniacha nifanye nnavyotaka.

Cha pili ni faili lenyewe. Niliomba kila mtu anitumie maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa tabo, sio kwa koma, kwa sababu maongezi ya watu yana koma kibao. "Njoo, mwanangu, ukae" kwenye faili la koma bila alama za kunukuu inagawanyika vipande vitatu na kila kilicho kulia kwake kinasogea. Alafu kuna kompyuta ambazo mpangilio wake wa nchi unatumia nukta mkato badala ya koma, ukifungua kila kitu kimejazana kolamu moja, jamaa wa Nairobi alishanitumia picha ya hali hiyo ameandika tu "buda hii ni nini umenitumia", kabla hatujakubaliana tabo. Programu za majedwali nazo zina ujuaji wake, ukiandika sini (tukio) na teki (jaribio la kurekodi) 3-4 inageuzwa tarehe, namba 007 inabaki 7, na mstari wa maongezi ulioanza na kistari inaweza kudhani ni hesabu ikakuletea kosa badala ya maneno. Dawa yake usibofye faili mara mbili. Fungua programu kwanza, ingiza faili kama data, iambie kolamu zote ni maandishi.

Na kwa sisi waswahili kuna hii moja ambayo wazungu kwenye maelekezo yao hawaigusi. Kiswahili hakina herufi zenye vikofia wala nukta mbili juu, unadhani umepona, kumbe kuna ng' yetu. Aliyechapa skripti alichapa kwenye programu inayopinda yenyewe ile alama ya juu ya ng', faili likahifadhiwa UTF-8, yaani mfumo wa kompyuta wa kuandika herufi, upande wa pili likasomwa kwa mfumo wa zamani wa Windows, ng'ombe wote wa filamu nzima wakawa ngâ€™ombe. Bibi ana ng'ombe kwenye kila sini ya pili! Nikatafuta ile alama iliyopinda nikaibadilisha yote kuwa iliyonyooka kabla shiti haijatoka kwangu, na ndo ikawa kanuni, alama zilizonyooka tu, UTF-8 pande zote.

Cha tatu ndo chenye sumu, fremu kwa sekunde. Picha yetu ilikuwa 25. Nairobi wakanirudishia shiti yenye marekebisho yao, maneno safi, majina safi, lakini nikiiweka kwenye picha rili inaanza vizuri alafu kadri inavyosonga kyu zinawahi, kufika dakika ya kumi na mbili kyu inaingia robo tatu ya sekunde kabla bibi hajafungua mdomo. Kabla ya kumpigia mtu simu niliangalia tarakimu mbili za mwisho za kila taimkodi. Kwenye 25 fremu zinahesabiwa 00 mpaka 24, kwenye 24 na kwenye 23.976 zinaishia 23, kwenye 29.97 na 30 zinafika 29. Nikashuka na kolamu nzima, mistari zaidi ya mia, hamna 24 hata moja. Kubahatisha hivyo ni ngumu sana. Tena ingekuwa 24 kamili kyu isingeteleza, maana sekunde yake ni sekunde ya kweli, ungepishana fremu moja tu hivi. Inayoteleza ni 23.976, inahesabu kama 24 ila saa yake inatembea polepole kwa 0.1%, inaachana na ukweli sekunde 3.6 kila lisaa. Dakika 12 na sekunde 40 ni sekunde 760, mara 0.001, unapata 0.76. Ndo ileile robo tatu.

Nikamtumia ujumbe jamaa aangalie mpangilio wa sesheni yake, yaani faili lake la kazi. Pro Tools ukitoa taarifa za sesheni kama maandishi, juu kabisa inaandika taimkodi inayoanzia na aina ya taimkodi, akanirushia zile mistari za juu tu, tukaona wote, sesheni ilikuwa imefunguliwa kwa templeti ya kazi nyingine. Akabadilisha, akatoa upya, ikakaa. Toka hapo kila shiti inayotoka kwangu mstari wa juu kabisa una jina la toleo la picha, fremu kwa sekunde, na taimkodi ya fremu ya kwanza. Pia kabla ya shiti kamili natuma mistari mitano ya majaribio, mmoja una ng', mmoja una koma, mmoja umeanza na kistari, mmoja wa mwanzo wa rili na mmoja wa mwisho wake. Ikirudi mizima ndo natuma mzigo.

Picha ikabadilika katikati ya kazi, kama kawaida, "picha imefungwa" huwa ni matumaini tu. Dairekta akatoa sekunde 6 na fremu 5 kwenye rili ya pili. Hapo kila kyu iliyo mbele ya mkato lazima irudi nyuma, na taimkodi huwezi kuitoa hivihivi kwa kichwa, unaigeuza fremu kwanza: saa mara 60 jumlisha dakika, mara 60 jumlisha sekunde, mara 25 jumlisha fremu. 02:12:40:10 inakuwa 199010, unatoa 155, inabaki 198855, ukiirudisha unapata 02:12:34:05. Fomula nimeiweka kwenye jedwali inafanya yenyewe. Sikufuta taimkodi za zamani, niliongeza kolamu mbili pembeni, kwa sababu Dar walikuwa bado wanarekodi kwa picha ya zamani na kuwabadilishia picha katikati ya siku ya studio ni kuwavuruga bure. Wakamalizia na ya zamani, mi nikapanga kwa mpya.

Kwa bibi sikupeleka jedwali kabisa. Nilipanda kosta mpaka Moshi na bodaboda mpaka kwake, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, chai kwanza. Shiti yake niliichapisha herufi kubwa sana, kyu moja kila ukurasa, bila taimkodi, jina la kyu dogo kwenye kona kwa ajili yangu. Kawaida ya ADR mwigizaji anasikia bipu tatu na anaanza kuongea pale ambapo ya nne ingelia. Bibi zilimchanganya. "Hiyo ya nne iko wapi?" Tukazima picha, nikamchezea mstari wake kutoka Materuni, kelele na yote, anausikiliza alafu anaurudia papohapo, tena na tena, ule mtindo wa zamani wa enzi za filamu kuunganishwa duara. Alikuwa sahihi kuliko vijana wa Dar, pumzi zilezile, hata ile ya kuguna kabla ya "mjukuu wangu". Kikwazo kilikuwa jogoo wa jirani, huyo hana kyu.

Mafaili ya sauti yanarudi WAV, 48 kHz biti 24, na jina la faili ni jina la kyu na teki, BIB211_t03. Studio ya Dar niliwaomba waandike jina la kyu kwenye traki kabla ya kubonyeza rekodi, maana programu nyingi zinachukua jina la traki, bila hivyo unapokea Audio 1 mpaka Audio 80 na kazi yako ni kusikiliza moja moja. WhatsApp tulitumia sana ila kama dokumenti tu, ukituma kama sauti ya kawaida inabanwa na huwezi kuirudisha.

Kitu ambacho sikukitegemea ni shiti kugeuka daftari la malipo. Waigizaji walikubaliana kulipwa kwa kyu, na zile zilizoandikwa IMEFUTWA zikaleta mjadala, wao wanasema tulishazirekodi, prodyuza anasema hazimo kwenye filamu. Kolamu ya teki ilionyesha ipi ilirekodiwa kabla ya kufutwa na ipi haikuguswa, wakalipwa za kwanza, za pili wakaziachia. Wa Nairobi sasa hivi wana kazi yao wenyewe wananihitaji mimi nirekodi watu wa huku, wamenitumia shiti jana, kolamu ya kwanza 1, 2, 3, 4. Nimewarudishia na mistari yangu mitano nangoja jibu.