Nyumba ya Mji Mkongwe: anzia paani, saruji iweke mbali

Tangu sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba kongwe la Mji Mkongwe wa Zanzibar, iporomoke Disemba 2020, wenye nyumba za mawe wanazitazama nyufa zao kwa jicho jengine. Ni vyema, ila ufa wa ukutani ndio wa mwisho kushughulikiwa. Maradhi ya nyumba hizi aghalabu huanzia juu.

Kuta ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene nusu mita au zaidi: nyuso mbili, katikati kifusi. Mfereji wa bati ukiziba majani, maji hushukia ndani, yakaukosha ule udongo wa katikati, na ukuta ukafura tumbo. Gonga kwa nyundo ndogo. Palipoachana hulia utupu. Kwa hiyo badilisha mabati mabovu, panua mifereji, na mabomba ya kushushia maji yakae mbali kidogo na ukuta. Mti uliomea kwenye ufa usiung'oe, utatoka na mawe yake. Kata shina, tia dawa kwenye kisiki, mizizi ife humo humo. Kazi ya paa ifanywe kipupwe, vuli ikute imekwisha. Kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kitafute mapema zaidi ya hapo.

Halafu boriti. Hizi ni za mkoko, mti wenye uvumilivu mkubwa, lakini ncha iliyofukiwa kwenye ukuta wenye unyevu huoza huku katikati bado nzima. Choma kwa bisibisi karibu na ukuta. Ikizama bila nguvu, boriti hiyo haibebi kitu. Kabla ya kuigusa, tia mirunda (nguzo za muda) chini yake, na mirunda hiyo ifuatane ghorofa kwa ghorofa mpaka ardhini. Wengi huegemeza ghorofa ya juu juu ya sakafu ya chini ambayo nayo ni mbovu, kisha zote mbili zikashuka pamoja. Badilisha boriti moja moja, na ncha mpya iachiwe nafasi ya hewa pembeni. Ukiizungushia saruji umeifungia unyevu.

Na uzito! Kila mwenye nyumba akiona sakafu imepasuka humwaga tabaka jipya juu ya la zamani. Chumba cha mita 3 kwa 4, ukiongeza sentimita 5 tu za saruji, umezitwika boriti zaidi ya tani moja. Bandua kwanza, ndipo utie.

Sasa lipu, ambako ndiko fedha nyingi hupotea. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la tumbawe na haipitishi unyevu. Maji yaliyomo ukutani hukosa pa kutokea, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, na baada ya misimu kadhaa hubanduka vipande vipande pamoja na uso wa jiwe. Hata ukiichanganya kwenye chokaa "kidogo tu ya kukazia", ndiyo hiyo hiyo.

Tumia chokaa iliyolowekwa. Ya unga walau usiku kucha. Iliyochomwa na kuzimishwa shimoni ikikaa miezi ndiyo bora. Karai moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na mchanga wa pwani ukoshwe kwa maji matamu, la sivyo umejitilia chumvi mwenyewe. Mashimo makubwa yajazwe vipande vya mawe kwanza. Rowesha ukuta, piga tabaka la sentimita moja, subiri likaze kwa siku kadhaa, ndipo jengine. Chokaa hukazwa na hewa, tena polepole na ikiwa na unyevu. Jua la kaskazi likiikausha kwa siku moja inabaki unga. Tundika magunia mabichi mbele yake.

Rangi ya plastiki hufanya kosa lile lile la saruji. Paka chokaa nyepesi, mikono mitatu au minne. Mkono wa kwanza ukionekana kama maji tu, usiizidishe uzito, itapasuka. Ikikauka ndipo weupe hutoka.